Mpini

Mti huu hauna jina la Kiswahili.
Nimepekua kamusi ya shule, ile iliyopoteza jalada,
nikakuta mvule, mkangazi, mninga, msandali,
miti yenye soko na sifa.
Wetu haumo.
Nyanya yangu Khasandi aliuita kwa Kiisukha,
neno fupi, kama mtu anayepuliza jivu,
na alilitaja tu mbuzi alipokohoa.

Unaota hapa, kuanzia daraja la Isiukhu
hadi ukingo unapogeuka mawe. Basi.
Ukivuka barabara ya Ileho, huupati.
Ukipanda kilima cha Lirhanda, utahema bure.
Nimeuhesabu kwa miguu yangu, siku nne,
siafu wakisafiri ndani ya gambuti:
kumi na tisa.
Wa ishirini nilipoufikia ulikuwa kisiki,
na kisiki hakihesabiwi,
ingawa nilikikalia kupumzika
nacho kikanibeba, kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi yangu ni kitalu.
Pakiti za maziwa za nusu lita
nazitoboa kitako kwa msumari,
najaza udongo wa msituni na samadi ya kina Lumbasi.
Mwaka juzi nilipanda mbegu mia tatu,
nyeusi, ngumu kama neno la mdai.
Nikaziloweka.
Nikazibabua kwa moto wa majani makavu.
Nikazisugua kwa msasa mpaka kucha zikalia.
Mvua ya Kakamega haikunisaliti, saa tisa ni saa tisa,
ila mbegu zililala tu,
zikanisikiliza nikilalamika.

Shivachi wa lango la msitu akacheka:
“Dada Imali, hizo zinamngoja hondohondo.
Sharti zipite tumboni mwake.
Wewe na ndoo yako, utumbo wa ndege mtautoa wapi?”

Basi nikaanza kuokota mavi ya hondohondo.
Kopo la mafuta ya kupikia, kijiti, macho chini.
Watoto wa shule walinipita wameziba pua,
mmoja akauliza kama nalipwa.
Nikamwambia nalipwa.
Hakuuliza kiasi gani, namshukuru.

Ndipo akaja Daktari Nyagweth kutoka Kisumu,
na viatu vyake vipya na daftari lisiloogopa maji.
Akasema atanisaidia kulima tuta.
Akapiga jembe mara mbili. Akasita.
Akaunusa mpini.
Akaukwaruza kwa ukucha, akaugusa kwa ncha ya ulimi,
mimi nikidhani jua limempanda kichwani.

“Huu alichonga nani?”

Baba mdogo Ingosi, nikasema.
Mwaka niliomaliza darasa la nane.
Alisema mti huu haupasuki,
unakunywa jasho bila kuteleza,
na kweli, majembe matatu yamelika hadi shingoni
mpini ukiwa ule ule.

Hakunijibu.
Alinirudishia jembe kwa mikono miwili
kama mtu anayerudisha mtoto aliyesinzia.

Usiku ule niliutazama kwa taa ya simu.
Miaka kumi na saba kiganja changu kimeulainisha.
Nimeutafuta bonde zima, na ndio uliochimba
kila shimo nililochimba nikiutafuta.
Nilitaka kumkasirikia Ingosi,
lakini alikuwa na shamba, watoto sita, na panga;
na huu, siku hiyo, ulikuwa mti tu kando ya njia.

Leo mchana pakiti ya arobaini na moja imefumuka.
Kitu cha kijani, kimeinama,
bado kimevaa ganda la mbegu kichwani
kama aliyetoka nje mbio na kofia ya kulalia.
Sikumwita Shivachi. Sikupiga simu Kisumu.
Nikachuchumaa, nikataka kusema lile neno la nyanya,
nikaogopa pumzi yangu isikiangushe.

Jembe nilikuwa nimeliegemeza karibu.
Nikaona haya, nikaliondoa, nikalificha nyuma ya kibanda.
Nikajiona mjinga.
Nikalirudisha.

Waonane.

Halafu mvua ikaanza, saa nane na nusu,
mapema, bila hodi.